Kombe Lililochezwa Ramadhani Mbili



Jioni ya Jumapili tarehe 11 Juni 2017, katikati ya Ramadhani, tulikuwa tumekaa mkekani tukingoja adhana. Uji umeshamiminwa, tende zimeshagawanywa. Mbele yangu alikaa kijana wa bodaboda amevaa jezi ya kijani ya Gor Mahia, na uso wake ulikuwa ukicheka wenyewe, kwa sababu K'Ogalo walikuwa wametoka kuwachapa Ingwe mabao 3-0 kule Dar es Salaam. Kando yake alikaa shabiki wa Ingwe, amenuna kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Mzee mmoja ambaye mambo ya mpira hayamhusu akanyoosha kidole kifuani mwa yule kijana, akauliza, "Hili jina ni la nani, mwanangu?"

"Ni la mdhamini, babu."

"Anauza nini?"

Kijana akaizungusha tende mkononi. Akasema, "Babu, yeye hauzi... watu wanabashiri." Adhana ikamuokoa.

Swali la mzee yule nimekaa nalo miaka. Kombe lililochezwa siku ile limeshakufa. Lilichezwa mara tatu tu, mwaka 2017, 2018 na 2019, na mara mbili za kwanza zote ziliangukia ndani ya mwezi wa Ramadhani. Vijana wetu hapa Khunyangu, na kote kuanzia Busia mpaka Malaba, walilishangilia sana. Mimi pia nililishangilia, sitakudanganya. Leo nataka tulitazame vizuri: lilitoka wapi, nani alilipa, na kwa nini lilikwisha haraka hivyo.

Lakini kwanza twende kidogo Amerika Kusini, maana huko waliwahi kuwa na kombe la muda mfupi ambalo ukililinganisha na letu utaelewa jambo. Mwaka 1988 shirikisho la mpira la bara lile lilianzisha Supercopa. Sharti la kuingia lilikuwa moja: uwe umewahi kuwa bingwa wa bara. Haikujali ulishinda lini. Kama ulichukua kombe la Libertadores miaka ishirini iliyopita na sasa unasuasua kwenye ligi ya nyumbani, karibu, kiti chako kipo. Mwaka wa kwanza walikusanyika mabingwa wa zamani 13, wakiwemo Boca Juniors, River Plate, Santos, Flamengo, Peñarol na Olimpia ya Paraguay. Racing Club ya Argentina wakalichukua. Timu iliyoshinda ubingwa mpya wa bara iliongezwa kwenye orodha, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuiondoa.

Kuna kisa kimoja hapo ninachokipenda. Vasco da Gama ya Brazil ilikuwa imeshinda mashindano ya mabingwa wa Amerika Kusini mwaka 1948, kabla Libertadores haijazaliwa. Kwa miaka mingi ushindi ule haukuhesabiwa. Mwaka 1997, baada ya karibu miaka 50, shirikisho likautambua na Vasco wakaingizwa kwenye Supercopa. Bahati yao mbaya ni kwamba huo ndio uliokuwa mwaka wa mwisho. River Plate wakalichukua, kombe likafungwa. Mwaka 1998 likaja kombe jingine, Mercosur, ambalo timu ziliingia kwa kualikwa, na waliopendelewa ni wale wenye majina makubwa na watazamaji wengi wa televisheni. Nalo halikufika mbali: lilichezwa mara ya mwisho msimu wa 2001.

Kwa hiyo kombe kufa si jambo geni duniani. Ninachotaka ukishike ni ule mlango wa kuingilia. Supercopa ilikuuliza, umewahi kushinda nini?

Sasa turudi kwetu. Afrika Mashariki ina historia ndefu ya makombe kuliko wengi wetu tunavyodhani, na mpaka huu wetu uko ndani ya historia hiyo tangu mwanzo. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilicheza kugombea Kombe la Gossage. Mechi ya kwanza ilikwisha sare, ikarudiwa, Kenya ikashinda 2-1. Tanganyika iliingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Jina la kombe lilitoka kwa William Gossage, mwenye kiwanda cha sabuni cha Uingereza. Ndiyo, sabuni! Tangazo ndani ya mpira halikuanza jana. Kombe hilo la sabuni lilidumu miaka 40, mpaka 1966, kisha likabadilishwa kuwa Chalenji.

Upande wa vilabu, kombe la Afrika Mashariki na Kati lilianza mwaka 1974, na Simba ndio walikuwa wa kwanza kulichukua. Yanga wakafuata 1975. Luo Union walishinda 1976 na 1977. Mwaka 1978 likavuka mpaka likaenda kwa KCC ya Kampala. Halafu ikaja zamu ya Ingwe, na hapa waulize wazee wa Butula na Nambale watakusimulia mpaka daku: 1979 wakiitwa Abaluhya, kisha 1982, 1983 na 1984 mfululizo wakiwa AFC Leopards. Gor walilichukua 1980, 1981 na 1985. Ukihesabu miaka ile saba, kuanzia 1979 mpaka 1985, kombe halikutoka mikononi mwa wapinzani hawa wawili. Baba yangu mdogo alikuwa anaiita ile miaka "wakati wa mpira", kana kwamba baadaye watu walikuwa wanacheza kitu kingine.

Kombe hilo likaja kuitwa Kagame kuanzia 2002, Rais wa Rwanda alipoanza kutoa pesa za zawadi. Hata hivyo limekuwa kombe la kukohoa-kohoa. Mwaka 2016 halikuchezwa. Mwaka 2017 pia halikuchezwa. Hakukuwa na pesa wala mwenyeji aliyejitokeza.

Kwenye pengo hilo ndipo akaingia yule ambaye jina lake lilikuwa kifuani mwa kijana wetu.

SportPesa ilianza Kenya mwaka 2014 kama kampuni ya kubashiri matokeo ya michezo. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na simu na kila simu ina M-Pesa, haikuhitaji duka wala karani. Ndani ya miaka mitatu jina lake lilikuwa kwenye ligi kuu ya Kenya, kwenye jezi za Gor na Ingwe, na Mei 2017 likaingia Tanzania kwa mikataba ya miaka mitano na Simba na Yanga. Mwezi huohuo ikatangaza kuidhamini Everton ya Uingereza. Na mwezi uliofuata, tarehe 5 Juni, SportPesa Super Cup ikaanza kwenye Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam.

Timu zilikuwa nane. Kutoka Kenya: Gor Mahia, AFC Leopards, Tusker na Nakuru All Stars. Kutoka Tanzania: Simba, Yanga, Singida United, na Jang'ombe Boys wa Zanzibar. Hebu zitazame tena hizo timu. Simba walikuwa wameshinda kombe la Afrika Mashariki na Kati mara 6, Yanga mara 5, Ingwe mara 5, Tusker mara 5 na Gor mara 3. Timu tano kati ya nane zilikuwa mabingwa wa zamani, zenye makombe 24 kwa jumla. Ungeweza kabisa kuiita Supercopa yetu!

Lakini mlango ulikuwa mwingine. Wakubwa wale hawakuitwa kwa ajili ya makombe yao ya zamani. Waliitwa kwa sababu walivaa jezi ya mwenye karamu, au kwa sababu walitoka nchi ambazo mwenye karamu alikuwa na biashara. Ndiyo maana hukuona timu hata moja ya Uganda. KCC walikuwa mabingwa wa mwaka 1978, SC Villa walishinda mara tatu, 1987, 2003 na 2005, na hawakuwamo. Sisi tunaoishi hapa tunavuka kwenda Busia ya Uganda kununua samaki na kurudi kabla ya Adhuhuri. Kombe la "Afrika Mashariki" liliishia kwenye geti la forodha, na watu wachache sana waliliona hilo.

Uwanjani mambo yalikuwa moto, tuseme ukweli. Simba walitolewa na Nakuru All Stars kwa penalti kwenye mechi yao ya kwanza. Ingwe wakawatoa Singida kwa penalti, halafu wakawatoa Yanga kwa penalti tena. Gor wakawafunga Jang'ombe Boys, wakawafunga Nakuru, na kwenye fainali wakawapa Ingwe hizo tatu ambazo rafiki yetu wa futari hakutaka zitajwe. Zawadi ilikuwa dola 30,000, na juu yake nafasi ya kucheza na Everton.

Everton wakaja kweli. Tarehe 13 Julai 2017, Idd ikiwa imeshapita, Wayne Rooney alicheza mechi yake ya kwanza tangu arudi Everton, na aliicheza Dar es Salaam dhidi ya Gor Mahia. Akafunga kutoka mbali. Dakika chache baadaye Jacques Tuyisenge akasawazisha kwa kichwa, na pale stendi ya Malaba pikipiki zilipigwa honi mpaka madereva wa malori wakashuka kuuliza kama kuna ajali. Everton walishinda 2-1 mwishoni, lakini nani alijali.

Mwaka wa pili kombe likachezwa Nakuru, Uwanja wa Afraha, Juni 2018. Mara hii fainali iliangukia kumi la mwisho la Ramadhani. Gor 2, Simba 0. Meddie Kagere na Tuyisenge walifunga, na muda mfupi baadaye Simba wakamchukua Kagere mwenyewe. Kakamega Homeboyz, majirani zetu, waliwafunga Yanga 3-1 katika mashindano hayo, jambo ambalo Kakamega bado linasimuliwa kwenye vinyozi. Novemba ile Gor wakapanda ndege mpaka Liverpool, wakacheza Goodison Park, wakafungwa 4-0.

Mwaka wa tatu, Januari 2019, kombe likarudi Dar es Salaam. Wakubwa wote wakaanguka. Mbao wa Mwanza waliwatoa Gor kwa penalti, Bandari wa Mombasa waliwatoa Simba, na fainali ikawa ya Wakenya wawili ambao hakuna aliyewatarajia: Kariobangi Sharks 1, Bandari 0. Sharks walikuwa hata hawajamaliza miaka miwili kwenye ligi kuu. Tarehe 7 Julai 2019 wakakutana na Everton Kasarani, wakatoka 1-1, wakawashinda kwa penalti 4-3. Timu ya mtaa wa Kariobangi ikaishinda timu ya ligi kuu ya Uingereza. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kombe lile, ingawa siku ile hakuna aliyejua.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nataka tupunguze mwendo, turudi kwa swali la mzee: anauza nini?

Ile kampuni ya Gossage iliuza sabuni. Ukinunua sabuni, pesa yako imeenda lakini umebaki na kipande cha sabuni. Unaoga, unafua kanzu. Mwenye kubashirisha yeye hukupa namba. Nitakuonyesha kwa mfano mdogo, wa kubuni, lakini hesabu yake ndiyo hiyo wanayotumia wote. Tuseme mechi ya Gor na Simba imepewa namba hizi: Gor kushinda 2.60, sare 3.00, Simba kushinda 2.70. Maana yake ukiweka shilingi 100 kwa Gor na wakashinda, unapata 260. Inaonekana ukarimu, sivyo? Sasa tuseme mtu mmoja anataka apate shilingi 100 kamili, litokee lolote litakalotokea. Ataweka shilingi 38.50 kwa Gor, 33.30 kwa sare, na 37 kwa Simba. Jumlisha. Ametoa karibu 109 ili apokee 100. Zile 9 zimeshaliwa kabla mpira haujapigwa. Mwenye kampuni hahitaji kujua nani atashinda.

Na hiyo ni mechi moja. Vijana wetu hawachezi mechi moja. Wanaunganisha tano, kumi, kumi na tano, ili zawadi ionekane kubwa. Kila mechi unayoongeza inakatwa tena. Ukiunganisha mechi tano zenye namba kama hizo, katika kila shilingi 100 zinazowekwa na watu kwa jumla, zinazorudi ni kama 65. Zilizobaki 35 hazikuibwa na mtu, wala mechi haikununuliwa. Ni hesabu tu, inafanya kazi yake usiku na mchana, hata saa ya daku.

Mei 2017, mwezi mmoja kabla ya kombe la kwanza, Mkenya mmoja alishinda jakpoti ya shilingi milioni 221. Nchi nzima ilimjua. Ile zawadi ya dola 30,000 waliyopewa Gor ilikuwa kama shilingi milioni 3 hivi. Yaani mshindi mmoja wa jakpoti alipokea karibu mara 70 ya walichopata mabingwa waliotoka jasho uwanjani na mfungo ukiendelea. Na hakuna kati ya pesa hizo, ya jakpoti wala ya kombe, iliyotoka mfukoni mwa tajiri. Zilitoka hapa. Shilingi hamsini ya bodaboda wa Bumala, mia ya muuza nyanya wa Matayos, mia mbili ya mwanafunzi aliyetumiwa nauli. Namjua mmoja aliyeweka pesa ya wiki aliyokuwa anaweka akiba ya kununulia pikipiki yake mwenyewe. Sitataja kampuni wala jina lake, maana bado anapanda pikipiki ya mtu.

Kwa hiyo tukisema "kampuni ilidhamini mpira wetu", tunasema nusu ya habari. Walioshindwa ndio waliodhamini. Kampuni ilikusanya, ikabaki na sehemu yake, na kidogo kikarudi kwetu kimefungwa kwenye jezi.

Jambo hili lina historia ya kale kuliko mpira. Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na mchezo wao ulioitwa maisiri. Wenye tafsiri wanaeleza kwamba walikuwa wakichinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakachomoa mishale kumi kutoka kwenye mfuko. Mishale saba ilikuwa na mafungu, mitatu ilikuwa mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu hakupata nyama, na zaidi ya hapo ndiye aliyelipa bei ya ngamia. Na waliopata je? Mara nyingi nyama hiyo hawakuila. Waliwagawia maskini, wakasifiwa kwa ukarimu, wakajigamba nayo. Msimu wa baridi na njaa, maskini wa Makka alikula nyama iliyolipiwa na mwenzake aliyechomoa mshale mtupu.

Sasa soma Suratul Baqara, aya ya 219, uone jinsi inavyolizungumza jambo hili. Haikatai kwamba mna manufaa kwa watu katika ulevi na kamari. Inayataja hayo manufaa, kisha inayapima, na kuonyesha kwamba dhambi yake ni kubwa zaidi. Aya ya 90 ya Suratul Maida ikaja kukata moja kwa moja, na kuiweka kamari pamoja na pombe na masanamu. Mimi si mufti, na mambo ya zawadi katika mashindano yana maneno marefu kwa wanazuoni. Zawadi anayoitoa mtu wa tatu si sawa na washindani kuwekeana dau. Lakini ile aya ya Baqara ilinisaidia kuacha kujidanganya. Kwa muda mrefu nilidhani lazima niseme kombe lile halikuwa na faida yoyote. Lilikuwa nayo. Kakamega Homeboyz kuwafunga Yanga ilikuwa faida. Kijana wa Kariobangi kumpiga chenga mchezaji wa Everton ilikuwa faida. Ngamia alikuwa na nyama ya kweli, na maskini alishiba kweli.

Wachezaji Waislamu wenyewe wamekutana na mtihani huu. Mwaka 2006 Frédéric Kanouté, mchezaji wa Mali aliyekuwa Sevilla ya Uhispania, alikataa kuvaa jezi yenye jina la kampuni ya kamari ya intaneti. Klabu ikamruhusu acheze na jezi isiyo na jina. Baadaye alikubali kuivaa. Mwaka uliofuata, msikiti wa Waislamu wa Sevilla ulipokuwa unakaribia kuuzwa kwa watu wengine, Kanouté aliununua kwa pesa zake ili ubaki msikiti. Mwaka 2013 Papiss Cissé wa Senegal alisita kuvaa jezi ya Newcastle yenye jina la kampuni ya mikopo ya riba, kisha naye akaivaa. Nawataja si kwa kuwahukumu. Hao walikuwa mamilionea wenye mawakili, na bado walibanwa. Mchezaji wa Nakuru au wa Jang'ombe anayengoja mshahara angesema nini?

Kombe lilikufaje? Dalili zilianza mapema. Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa asilimia 35 kwa kampuni za kubashiri kuanzia Januari 2018. Siku zilezile za mwanzo wa mwaka SportPesa ikatangaza kwamba inaondoa udhamini wake wa michezo nchini. Vilabu vikapiga kelele, na baadaye ushuru ukapunguzwa hadi asilimia 15. Watu wakadhani yamekwisha.

Julai 2019 ndipo mambo yakaharibika. Serikali ilikataa kuzipa kampuni 27 leseni mpya, ikitaka kwanza zilipe ushuru inaozidai. Na angalia tarehe hizi: Jumapili ya tarehe 7 Sharks wanawashinda Everton Kasarani, wiki ileile kampuni za simu zinaamriwa kufunga namba za malipo. Mwisho wa Septemba SportPesa ikatangaza kufunga shughuli zake Kenya. Udhamini wa ligi, wa Gor na wa Ingwe ukakatika. Februari mwaka uliofuata Everton nao wakatangaza kuvunja mkataba. Kombe la nne halikuchezwa.

Aliyeumia hakuwa kampuni peke yake. Wachezaji wa Gor walikaa miezi bila mshahara msimu ule. Ingwe waliondokewa na wachezaji wa nje na kocha wao Mnyarwanda kabla mwaka haujakwisha. Vilabu vyenye makombe ya tangu 1979 na 1980 vilikuwa vimeegemea ukuta mmoja, na ukuta haukuwa wao.

Na baada ya hapo? Mwaka 2020 Gor na Ingwe wakapata mdhamini mpya, Betsafe. Naye alikuwa wa kubashiri. Kule Tanzania, mwaka 2022 Simba wakahamia M-Bet, Yanga wakasaini upya na SportPesa. SportPesa yenyewe ilirudi Kenya. Kombe pekee ndilo halikurudi. Lile la zamani la Kagame bado linakohoa: halikuchezwa 2020, mwaka 2021 Express ya Uganda wakalichukua, likalala tena miaka miwili, na 2024 likaenda Zambia kwa Red Arrows. Halina Rooney. Lakini Express walipolichukua, ng'ambo ya pili ya daraja watu walitoka barabarani, na kelele zao tulizisikia upande huu.

Yule kijana wa futari bado ana jezi yake ya 2017. Siku hizi anaivaa anapoosha pikipiki. Maandishi ya kifuani yamebambuka kwa sabuni, herufi zilizobaki ni tatu.